Nauli ya Msindikizaji

Huku Katumba kujitolea hakukuletwa na mradi. Wazee wetu waliokimbia Burundi mwaka 1972 walijengeana nyumba, wakalimiana na kuzikana, miaka mingi kabla ya vyeti vya uraia wa Tanzania kuanza kutolewa mwaka 2014. Kikundi ninachokiandikia kumbukumbu kimerithi kazi hizo: tunatembelea wagonjwa, tunafukia mashimo ya njia, na tuna mfuko wa jamii.

Daftari letu lilikuwa na orodha mbili, ya wanaojitolea na ya walengwa. Mwenye ulemavu aliwekwa moja kwa moja kwenye ya pili, hata fundi viatu anayewashonea nusu ya kijiji.

Semina tulizopata hazikuligusa daftari hilo. Lililoligusa ni sanduku la mfuko wetu. Kama kwenye vikundi vya hisa, pesa zetu huhesabiwa kwa sauti, na salio hukaririwa na wote kabla ya kufuli kufungwa, ili kikao kijacho likiulizwa lijibiwe bila kuchungulia popote. Siku moja liliulizwa, tukabaki kutazamana. Mama mmoja asiyeona, aliyekuwa mlangoni akingoja mgao wa sabuni, akalitaja hadi mia ya mwisho. Sasa ndiye mtunza salio.

Tangu hapo tunamuuliza mtu anataka zamu gani, hatumpangii. Kijana kiziwi alichagua mashimo ya njia. Ajenda tunamtumia kwa meseji jioni ya kuamkia kikao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo, na ile mikopo ya wenye ulemavu, asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nimewasaidia watu kuiomba, lakini mkopo haumwingizi mtu kwenye zamu.

Saa ya kikao ilitusumbua kuliko sheria. Mama mtunza salio hushikwa mkono na mjukuu, na sisi tulikuwa tukikutana saa za shule. Tukajaribu Jumamosi, Wasabato wakakataa, na ni haki yao. Sasa ni Jumapili alasiri.

Imebaki nauli. Mvua zikinyesha njia haipitiki kwa miguu, na bodaboda hudai ya watu wawili. Wenzangu wanasema anayelipiwa hajajitolea. Lakini soda za wageni hawajawahi kuzihoji. Nimependekeza nauli ya msindikizaji itoke kwenye mfuko wa jamii, na mtunza salio amekwisha kutuambia: zilizopo zinatosha, soda zikipungua.