Bustani katika Chupa

Yuko mtu auaye mimea yake kwa kuisahau. Yuko na mwingine aiuaye kwa kuihangaikia mno. Sisi tulikuwa wa namna hii ya pili, na chupa moja ya kioo ndiyo iliyotufumbua macho.

Kwetu Bukavu, binti yetu wa miaka tisa aliugua muda mrefu. Alipopona, mganga alisema yafaa arudi shuleni. Lakini sisi tuliogopa baridi, tuliogopa mvua, tuliogopa hata mbio za watoto wenzake. Basi tukamweka nyumbani, na kila mara tukamgusa paji la uso. Ili apate la kumfurahisha, tulitafuta chupa kubwa yenye mdomo mpana na kifuniko, tupande bustani ndani yake.

Kazi yenyewe si ngumu. Chini tulitandika vijiwe vilivyooshwa, kimo cha vidole viwili. Kwa maana chupa haina tundu, na maji yakizidi sharti yapate pa kushukia, mizizi isioze. Juu yake tukaweka makaa yaliyopondwa, kwa ajili ya kupunguza harufu mbaya, kisha udongo mweusi, kimo cha vidole vinne. Tukapanda kangaga mbili ndogo, yaani yale majani ya msituni yaliyochanika kama manyoya ya ndege, yapendayo kivuli. Na kandokando yake, majani yale mafupi, laini, yafunikayo mawe penye unyevu. Tukatia maji kidogo, tukafunga.

Kesho yake asubuhi binti alipaza sauti: «Baba, mvua imenyesha ndani ya chupa!» Tukamweleza kwamba maji hupanda kutoka udongoni na katika majani, yakiwa mvuke, mvuke ukigusa kioo chenye baridi hugeuka matone, nayo hurudi chini. Ndiyo sababu chupa iliyofungwa vema yaweza kukaa majuma mengi pasipo kutiwa maji.

Hayo tuliyafundisha kwa kinywa, lakini mikono yetu haikuyasadiki. Kila jioni tulifungua kifuniko, tukaongeza maji. Tena tukaiweka chupa dirishani, penye jua kali, ipate nguvu. Mama yake alituonya, tusisikie. Kumbe, kioo hufungia joto la jua, na ndani palikuwa kama chungu mekoni. Siku ya kumi kangaga moja ilikuwa nyeusi, ukungu mweupe umetanda juu ya udongo, na harufu ya uozo ikatoka. Binti alitazama kimya, kisha akauliza: «Baba, imekufaje? Hatukuinyima kitu.»

Hatukuwa na jibu. Usiku ule tulikumbuka habari tuliyoisoma zamani. Mwaka 1829 mganga mmoja wa London, Nathaniel Ward, alitia mdudu wa nondo, aliye bado katika ganda lake, ndani ya chupa yenye udongo mbichi, akaifunga. Punde kangaga na majani yakachipuka humo. Bustanini kwake kangaga zilikuwa zikifa kwa moshi wa makaa ya mji. Lakini ile ya chupani iliishi karibu miaka minne, wala hakuna aliyeihudumia. Mwaka 1833 alipeleka masanduku mawili ya kioo yenye mimea hata Sydney, safari ya miezi mingi baharini, nayo ikafika hai. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Waingereza walichukua miche ya kwinini kutoka Amerika ya Kusini hata India katika masanduku ya jinsi hiyo. Na mti huo sisi wa Kivu twaujua.

Tukawaza: miche ile haikupandwa ikae sandukuni milele. Sanduku lilikuwa la safari tu. Walipofika, walilifungua, wakaipanda penye mvua na upepo.

Asubuhi tuliondoa yote yaliyooza, tukaiacha chupa wazi siku mbili ikauke kidogo, tukaiweka penye mwanga pasipo jua. Tangu siku hiyo kanuni yetu ni hii: kioo kikifunikwa na matone mchana kutwa, twafungua kwa saa chache, asubuhi nyingi zikipita bila hata umande, twatia vijiko viwili vya maji, jani likifa, twaliondoa upesi. Mbolea hatutii, kwa maana mmea ukikua mno hukosa nafasi.

Na Jumatatu iliyofuata binti alirudi shuleni. Juma lile lile alinyeshewa, akakohoa siku tatu, nasi hatukulala. Kisha akapona, akaenda tena.

Chupa ingali mezani petu. Kangaga iliyosalia imetoa majani mapya matano. Mara kwa mara mkono wetu huelekea kifuniko, naye binti husema: «Baba, iache.» Nasi twaiacha.