Usiache Mbachao: Lenzi Kuukuu na Vipepeo wa Gede

Msomaji mpenzi, iwapo kabatini mwenu mna kamera kuukuu iliyoachwa na mzee, usiharakishe kuiuza. Mimi nusura niiuze lenzi ya marehemu baba kwa bei ya kutupa. Safari ya Gede ndiyo iliyonizindua.

Ukipanda matatu Mombasa kwenda Malindi, teremka Gede ushike njia ya magofu. Hapo pana nyumba ya vipepeo ya mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hulea viwavi kwa majani, na wakishageuka pupa huuzwa kwa mradi, nao huwapeleka katika nyumba za vipepeo ng'ambo.

Lenzi yangu ni Helios 44-2 ya milimita 58, iliyoundwa Muungano wa Kisovieti. Ni nzito, na hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Kwa adapta ya bei nafuu hukaa kwenye kamera nyingi za kisasa. Haijui kulenga yenyewe. Kila kitu ni mkono wako.

La ajabu ni kuwa ila hiyo ndiyo faida yake. Anayepiga picha ya kitu kidogo kwa karibu huweza kutia pete tupu, zisizo na kioo, kati ya lenzi na kamera. Lenzi nyingi za leo hutegemea umeme wa kamera kufungua na kufunga tundu la mwanga, na pete za bei rahisi huwakatia mawasiliano. Lenzi ya kizamani tundu lake hulifungua kwa vidole vyako, basi haidai chochote. Pete zikifika urefu wa milimita 58, picha inayoangukia ndani ya kamera huwa sawa kwa ukubwa na mdudu mwenyewe.

Hata hivyo, uwe na subira. Kwa umbali huo, sehemu inayoonekana wazi ni nyembamba kama ukucha. Usihangaike na lenzi. Sogeza kichwa mbele na nyuma polepole, pumzi umeizuia, hadi jicho la kipepeo ling'ae. Mimi niliharibu picha nyingi kabla ya kupata moja. Ule unga unaobaki kidoleni ukimshika kipepeo, kumbe ni magamba yaliyopangwa kama vigae vya paa!

Mama mmoja afugaye viwavi aliitazama picha hiyo, akanyamaza kitambo. "Mwanangu," akasema, "miaka yote nawalea, sikujua wamevaa hivi." Kisha akanikumbusha kwamba zamani majirani wengi wa msitu walitaka ukatwe wapate mashamba. Wadudu hao, ambao hakuna aliyewajali, ndio waliowapa wengine sababu ya kuutetea.

Nawe ukipata lenzi ya zamani, imulike kwa tochi kwanza uone kama imeota ukungu, maana unyevu wa pwani hauna huruma. Ikiwa safi, itunze pakavu, kisha uende nayo Gede.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wa baba niliudharau miaka mingi kwa kuwa sikuwahi kuusogelea. Sasa hauuzwi.