Diski ya zamani na diski iliyotolewa upya: ipi inasema kweli?

Muziki ya bazee wetu inarudi. Tangu Desemba 2021, UNESCO ilipoandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu, watu wengi wanatafuta tena nyimbo za wakati ule. Huko Bruxelles kuko nyumba ndogo, Planet Ilunga, inayotoa upya kwa vinyl nyimbo za Ngoma na Loningisa zilizotoka zamani Léopoldville. Ni jambo la furaha. Lakini ulizo moja linabaki: hii diski mpya inatupa sauti ile ile waliyosikia bazee, ao ni sauti ingine?

Methali mbili zinapigana hapa. Moja inasema ya kale ni dhahabu. Ingine inasema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Sisi waalimu tumezoea kuambia wanafunzi: kabla ya kuchagua, pima. Tupime basi.

Kwanza tujue kile tunaita diski ya zamani. Ngoma ilianza Léopoldville mwaka 1948 na ilitoa diski za mizunguko 78 kwa dakika. Hazikuwa za plastiki. Zilikuwa za laki, ile gundi inayotokana na wadudu fulani wa Asia, iliyochanganywa na unga wa mawe. Ndiyo maana zinavunjika kama sahani ya udongo. Ndiyo maana pia zinavuma: ule mvumo unaosikia chini ya wimbo hautoki kwa Wendo wala kwa gitaa ya Bowane, unatoka kwa jiwe. Upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi, na sindano ya chuma ilikula mfereji kila mara diski ilipochezwa.

Kwa hiyo mtu akituambia kwamba chapa ya kwanza ndiyo bora siku zote, tunamuuliza: chapa ya kwanza ipi? Ile iliyotoka dukani mwaka 1955, ao ile iliyochezwa ku bar miaka kumi? Tena, hata zikiwa mpya hazilingani. Diski inagongwa kwa muhuri wa chuma. Zile za mwanzo zinatoka wazi. Muhuri ukichoka, sauti za juu zinafifia. Bazee wawili wanaweza kuwa na wimbo mmoja, chapa moja, na kila mmoja akaapa kwa haki kwamba yake ni tofauti.

Sasa tuone upande wa diski mpya. Yote inategemea chemchemi yake. Bandi ya kwanza, ile iliyokuwa ndani ya mashine siku ya kurekodi, ikiwa bado kuko, diski mpya inaweza kushinda ya zamani kabisa. Mfano uko kwetu Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco ku Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akipiga « Masanga » kwa vidole viwili tu. Wimbo ukatoka kwa diski ya 78 ya Gallotone. Lakini bandi za Tracey zilitunzwa Afrika Kusini, katika maktaba aliyoanzisha mwaka 1954. Anayetoa wimbo upya kwa bandi ya namna hiyo anapita pembeni ya jiwe na mvumo wake, na kidole gumba cha Mwenda kinasikika wazi kuliko ku diski yenyewe.

Bandi ikipotea, hali ni ingine. Anayetoa upya lazima anakili diski ya mtu, na mitego ni mingi. Mfereji wa 78 ni mpana karibu mara tatu kuliko wa vinyl. Ukitumia sindano ndogo, inaogelea chini na kuokota vumbi. Ukikosea mwendo kwa mizunguko 4 na nusu hivi, wimbo wote unapanda nusu-toni, na mwimbaji mzima anakuwa kama kijana. Halafu kuko kishawishi kikubwa: kusafisha.

Hapa ndiyo tunaomba msomaji asimame kidogo. Mvumo wa jiwe unakaa juu, mahali pale pale panapokaa herufi s, sh na f. Mashine ikifuta mvumo bila huruma, inafuta maneno pia. Tulijaribu jambo hili na wanafunzi wetu wa mwaka wa sita. Tuliwachezea wimbo mmoja wa Kiswahili cha Katanga mara mbili: kwanza kopi iliyosafishwa sana, kisha diski ya mzee mmoja wa Kamalondo, pamoja na makelele yake yote. Ya kwanza iliwapendeza sana masikioni. Lakini tulipowaambia waandike maneno, ni ya pili iliyojaza daftari. Kijana mmoja alisema: « Mwalimu, ile ya kwanza ni safi, lakini mutu anaimba sawa vile iko na kitambaa ku kinywa. »

Tusionee diski mpya. Kwa 45 za miaka ya 1970, wimbo mrefu uligawanywa: maneno upande A, seben upande B, na mchezaji alingoja mtu ageuze diski. Diski kubwa iliyotolewa upya inashona pande mbili, na tunasikia wimbo mzima kama orkestra ilivyoupiga. Lakini tena, ukijaza nyimbo nyingi mno upande mmoja, mifereji inabanana, sauti inashuka na besi inakonda. 45 yenye wimbo mmoja inapiga kwa nguvu kwa sababu ina nafasi.

Hukumu yetu ni hii: tarehe ya diski haitoshi kuonyesha ubora. Tuulize imetoka kwa bandi ao kwa diski, kwa mwendo gani, na nani alifuta nini.

Jambo linalotusumbua si masikio tu. Katika mitaa yetu makartoni ya diski yanauzwa kwa bei ya chumvi mzee akifariki, ao watoto wanayatupa kwa sababu pikapu imekufa. Kesho tutabaki na nakala zilizosafishwa paka, na hakuna atakayeweza kusema neno gani lilifutwa. Kiswahili ambacho wazazi wetu waliimba hakikuandikwa sana katika vitabu. Kimeandikwa katika mifereji ile.

Basi, ndugu wasomaji, kabla ya kuuza ao kutupa, tunakili diski jinsi ilivyo, bila kusafisha chochote. Tuandike jina la wimbo, namba iliyo ku etiketi, na jina la mwenye diski. Kusafisha kunaweza kungoja. Kile kilichofutwa hakirudi.