Mcheza Kwao Hutunzwa

Ndugu walimu, tulifundishapo neno "mchezo", tumezoea kuanza na kinyume chake, yaani "kazi". Twawaeleza wanafunzi kwamba asemaye "usifanye mchezo" hakatazi mpira wala ngoma, bali ahimiza jambo litiliwe maanani. Kwa miaka mingi maelezo hayo yalitutosha. Leo twakiri mbele yenu kwamba yalitupotosha nyumbani mwetu.

Mpwa wetu alikuwa miongoni mwa askari wa Uganda waliotumwa Mogadishu, ambako jeshi letu lilianza kufika Machi 2007. Alirudi mzima wa viungo, lakini usingizi ulikuwa umemkimbia. Mlango ukibamizwa, alishtuka. Karamuni alikaa karibu na njia ya kutokea. Mchana alinyamaza. Usiku aliketi mbele ya televisheni akicheza kandanda ya video mpaka majogoo. Mama yake, dada yetu, alitujia akilia kwamba mwanawe amerudi utotoni. Nasi, kwa kiburi cha ualimu, tulimwita tukamkemea: "Mwanamume mzima, huoni haya kucheza?"

Hakubisha. Alisema, "Samahani, mjomba," akakifungia chombo chake sandukuni. Wiki ile ile akaanza kurejea nyumbani alfajiri akinuka waragi.

Ndipo tulipomwuliza lile ambalo tungelimwuliza tangu awali: mchezo ule wamfaa nini? Akajibu, "Mjomba, hatuchezi peke yetu. Tuko watatu, mmoja yuko Gulu, mwingine Mbale. Tulilala handaki moja. Twacheza na kuzungumza kwa intaneti. Asiyeonekana usiku mbili, twamtafuta kwa simu."

Maneno hayo yalitukumbusha marehemu baba yetu. Alipigana Burma katika jeshi la King's African Rifles, akarudi mwaka 1946. Utotoni mwetu tulimwona jioni chini ya mwembe pamoja na askari wenzake, wameinamia mbao wa mweso wenye mashimo 32 na kete 64. Habari za vita hawakutusimulia kamwe. Lakini walipocheza walitaniana kwa Kiswahili cha jeshini, na hapo ndipo masikio yetu yalipokisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyewaita wazee wale watoto. Sisi tuliopata riziki yetu katika lugha iliyosikika mchezoni, tulikuwa wa mwisho kustahili kumcheka mchezaji.

Wataalamu nao wameanza kuliangalia jambo hili. Mwaka 2018 jarida la Social Science & Medicine lilichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na askari wastaafu 20 wa Marekani waliopata matibabu ya akili au ya tabia. Katika kueleza faida za michezo ya video, walitaja kuungana na wengine, kupata maana, na kupumzishwa na mawazo mazito. Mpwa wetu hakuwahi kuusoma utafiti huo, lakini alikuwa amekwisha kutujibu.

Hatusemi kwamba mchezo ni dawa ya kila kiwewe. Yupo ambaye milio ya bunduki mchezoni humrudishia vita, na yupo achezaye hata akasahau chakula na watu wa nyumbani. Kwa hiyo tulimsihi mpwa wetu aende kwa daktari, akakubali. Tukamsihi pia afungue sanduku lake. Siku hizi hutupa nafasi ya kucheza mara moja moja, nasi hufungwa mabao mengi.

Darasani tumebadili somo. Tukifika kwenye "mchezo" twatoa methali "Mcheza kwao hutunzwa", kisha twawauliza wanafunzi maana ya "kutunza". Wengi hujibu kwamba ni kumtuza mchezaji. Twawaambia ni kweli, lakini wasiisahau maana ya pili, ambayo ni kumwangalia mtu asipotee.