Taa ya njano iliyozibwa kwa soletepu

Mwezi huu tuwaache mawifi wapumzike. Nataka nikusimulie kuhusu taa ndogo ya njano ambayo nusura initoe roho mimi na familia yangu.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba, tunarudi Mwanza kutoka harusini Musoma. Tumeshapita Magu mjini, mvua ya kwanza ndiyo kwanza imeanza. Watu wa Kanda ya Ziwa mnaijua lami ya siku hiyo: vumbi na mafuta ya miezi mingi vikilowa, barabara inakuwa kama imepakwa sabuni. Ghafla ng'ombe akakatiza. Baba Junior akakata usukani kushoto, akaurudisha kulia, mkia wa gari ukachomoka. Tulipokuja kusimama tulikuwa pembeni ya barabara, tunatazama tulikotoka. Junior alikuwa salama kiti cha nyuma, mkanda umemshika. Hakuna aliyefungua mdomo mpaka Kisesa.

Jumatatu nikalipeleka gari kwa fundi mwenyewe. Akachomeka mashine yake ya kupimia, akaniangalia. "Dada, waya wa sensa ya tairi la nyuma umekatika siku nyingi. Hizi taa hamkuziona?"

Taa zipi? Akabandua kipande cha soletepu nyeusi kwenye dashibodi. Chini yake zinawaka mbili: ya ABS, na ile yenye kigari kinachoacha alama za kuteleza.

Akanieleza taratibu. Gari lina sensa zinazopima usukani umeelekezwa wapi na gari lenyewe linageukia wapi. Vitu hivyo viwili vikipishana, kompyuta inafunga breki ya tairi moja peke yake na kupunguza nguvu za injini, mpaka gari lirudi kwenye mstari. Dereva hawezi kufanya hivyo hata awe hodari vipi, maana pedeli ya breki ni moja tu. Lakini waya wa sensa ukikatika, kompyuta haijui tena tairi lile lina kasi gani. Inajiweka pembeni na kuwasha taa.

Nilipofika ofisini nikasoma zaidi. Mercedes-Benz walianza kuuweka mfumo huu mwaka 1995. Mwaka 1997 gari lao dogo, A-Class, lilipinduka Sweden kwenye jaribio la kukwepa mnyama barabarani, ndipo wakaamua kuufunga katika A-Class zote. Marekani iliulazimisha kwenye magari madogo mapya kuanzia modeli za mwaka 2012, Ulaya ikafuata 2014. Kwa hiyo mitumba mingi ya Japani tunayoagiza siku hizi inakuja nao. Tumeshaulipia, halafu tunauziba kwa soletepu!

Jioni nikamwita mume wangu ufukweni, tukaagiza sato. Nikaweka ile soletepu mezani. Akainama.

"Mama Junior, sikutaka uogope. Hela iliyokuwepo ilikuwa ya ada."

Nilikuwa nimejiandaa kumchana. Maneno yakanikwama. Tangu Agosti nilikuwa nimekalia kimya mgao wangu wa kikoba, nisije nikaombwa. Robo yake tu ingetosha kutengeneza gari. Yeye alificha taa, mimi nikaficha hela, na mtoto wetu tukampakia katikati.

Nikamwambia. Tulinyamaza mpaka sato akapoa. Kesho yake tukaenda kwa fundi wote wawili.

Sasa wewe msomaji, kesho asubuhi kabla hujawasha injini, zungusha ufunguo nusu tu uangalie dashibodi. Taa za tahadhari zote ziwake, kisha injini ikiunguruma zizime. Inayobaki inawaka, mpelekee fundi. Isiyowaka kabisa, itilie shaka, huenda kuna mtu ameichomoa. Kagua na matairi, kwani tairi lililoisha halina kompyuta ya kuliokoa.

Ukimaliza hapo, muulize mwenzako taratibu kama kuna kitu amekizibia soletepu. Ila uwe tayari na yako.

Tukutane mwezi ujao.