Stesheni ya Dar es Salaam na Walinzi wa Njia

Sisi tu watu wa Ijumbi. Kwetu iko migomba, iko kahawa, lakini reli haiko. Mkoa wote wa Kagera hauna hata stesheni moja. Watoto wetu huliona gari la moshi katika vitabu na katika picha anayochora mwalimu ubaoni. Kwa hiyo tulipopata safari ya kwenda Dar es Salaam, watu watano pamoja, tuliwaahidi kwamba tutawaletea habari za stesheni ya huko.

Tulivuka ziwa kwa meli toka Bukoba hata Mwanza, tukapanda basi mpaka Dodoma, na huko tukaingia treni. Wazee waliiita gari la moshi, lakini jina hilo haliifai hii, maana haitoi moshi kamwe. Yaenda kwa nguvu ya umeme upitao katika nyaya zilizo juu yake, na mwendo wake waweza kufika kilometa 160 kwa saa. Tulifika mjini hata vumbi la safari hatukuliona.

Reli ya Kati ina stesheni kuu mbili mjini humo, ya zamani na mpya, nazo ni majirani, karibu na bandari. Reli ya zamani ilianzwa na Wadachi mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilometa zipatazo 1,250. Mwaka 1928, katika utawala wa Waingereza, tawi litokalo Tabora lilifika Mwanza. Kabla ya hapo kahawa ya Bukoba ilivuka ziwa mpaka Kisumu, ambako reli ilifika tangu mwaka 1901, ikateremka mpaka Mombasa.

Stesheni mpya ni jumba kubwa la vioo, lililofanyizwa kwa mfano wa jiwe la tanzanaiti. Jiwe la msingi la reli yake liliwekwa Aprili 2017 na Rais John Magufuli, mtu wa Chato, jirani zetu. Alifariki Machi 2021, asiione kazi hiyo ikimalizika. Treni zilianza kuchukua abiria mpaka Morogoro mwezi wa Juni 2024, na mpaka Dodoma mwezi wa Julai. Na mwezi wa Agosti stesheni ilipewa jina lake.

Basi, stesheni yafanyaje kazi? Katika reli ya zamani njia ni moja tu, na treni hupishana stesheni, palipo na njia ya pili. Kwa hiyo treni haipewi ruhusa kuondoka mpaka ijulikane kwamba njia ya mbele ni tupu. Katika reli mpya dereva huongozwa kwa taa na kwa habari zitokazo chumba cha uongozi. Vyombo ni tofauti, lakini sharti ni moja: hapana budi kila mtu atimize zamu yake. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu katika mkoa wa Dodoma, treni ya abiria ilipatwa na hitilafu ya breki mlimani. Ilirudi nyuma kwa kasi, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Siku ya kurudi, kijana mmoja wetu alikawia sokoni akinunua vitenge. Alipofika, mlango wa abiria ulikuwa umekwisha kufungwa. Mzee wetu akamwendea mlinzi, akamsihi, "Mwanangu, tumetoka mbali, Bukoba."

Yule mlinzi akajibu kwa adabu, "Shikamoo, mzee. Najua mmetoka mbali. Lakini mlango ukifungwa umefungwa kwa wote. Atakuja na treni inayofuata."

Mzee akaitikia, "Marahaba," akageuka. Sisi tuliingia garini tukinung'unika, tukasema kwamba watu wa mjini hawana huruma. Mzee hakunena neno mpaka tulipopita Morogoro. Ndipo aliposema, "Ninyi mmesahau MV Bukoba."

Tukanyamaza. Nani wa kwetu asiyejua habari hiyo? Meli ile ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Ndugu yake mzee alikuwa mmoja wao. Alikuwa amechelewa, tena hakuwa na tikiti. Akasihi, akahurumiwa, akapandishwa.

Mzee akasema, "Siku ile nalimshukuru sana aliyemfungulia. Laiti angalimkataza."

Kijana wetu alitufikia Dodoma jioni ile ile, vitenge vyake mkononi, wala hakupungukiwa na kitu ila saa chache.

Walimu, mkiwasomea watoto habari hizi, wachorezeni treni na nyaya zake, maana ni vitu vya ajabu. Kisha mchoreni na mtu yule aliyesimama mlangoni, akatuamkia kwa heshima, asitufungulie.