Mdogo Wangu, Mama na Fomu ya Uturuki



Kila mwaka ukikaribia Januari, wateja wangu wenye watoto kidato cha sita huanza kuulizana habari za ufadhili wa kusoma nje. Fomu zimetoka? Zinajazwaje? Kuna mtu anayeweza kusaidia? Kujaza fomu si kazi ngumu hivyo, mtoto mwenye simu na subira anaijaza mwenyewe. Leo nataka nizungumze nanyi kuhusu kazi nyengine, ile inayofanyika ndani ya nyumba kabla fomu haijatumwa. Kwetu sisi hiyo ndiyo ilikuwa ngumu.

Tuko wawili wa kike kwa mama mmoja. Baba yetu, Allah amrehemu, alifariki mdogo wangu akiwa bado skuli ya msingi. Mimi niliishia kidato cha nne, nikasomea ushoni, na alhamdulillah cherehani ndiyo iliyomsomesha yeye mpaka kidato cha sita. Mama yuko shamba, upande wa Paje, analima mwani. Januari ya mwaka wa mwisho wa skuli mdogo wangu akaja dukani na simu mkononi akaniambia, "Dada, nataka kuomba Uturuki."

Ufadhili wenyewe

Unaitwa Türkiye Bursları, ni wa serikali ya Uturuki. Kwa kawaida dirisha hufunguliwa tarehe 10 Januari na kufungwa tarehe 20 Februari. Maombi yanafanywa kwenye mtandao wao wenyewe na hayalipiwi hata shilingi. Kwa shahada ya kwanza mwombaji awe hajatimiza miaka 21 na alama zake zisiwe chini ya asilimia 70. Kwa udaktari na fani nyengine za afya wanataka asilimia 90. Aliyeko mwaka wa mwisho wa skuli anaruhusiwa kuomba.

Ukipata, wanakulipia ada, bweni, bima ya afya, posho ya kila mwezi, mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, na tiketi ya kwenda mara ya kwanza na ya kurudi ukimaliza.

Hapo kwenye tiketi msipapite haraka. Mwaka mmoja wa lugha na minne ya chuo inakuwa mitano. Katikati hapo, Iddi zote, harusi zote, na Allah atuepushe, misiba yote, akitaka kurudi nyumbani nauli ni yenu. Mtu akikwambia mtoto anasoma bure, mkumbushe hilo. Mimi nilichukua daftari nikaandika: pasipoti shilingi 150,000, boti kwenda Dar es Salaam kwenye ubalozi, nguo za baridi, akiba ya nauli ya dharura. Nikajiunga upatu mwengine, nikasema pesa hizi hazina kazi nyengine.

Kikao cha nyumbani

Mama aliposikia alisema neno moja tu: "Hapana."

Wala hakuwa na ukaidi. Alikuwa na khofu, na khofu yake ilikuwa na ushahidi. Vita vya Sudan vilianza Aprili 2023 na vijana wetu wengi walikuwa wakisoma Khartoum. Tuliwaona wakirudishwa nyumbani na masomo yao yamekatika njiani. Miezi miwili kabla ya hapo, Februari 2023, lilikuwa lile tetemeko la kusini mwa Uturuki lililoua maelfu kwa maelfu ya watu. Mama aliyaona yote mawili kwenye televisheni. Akaniuliza, "Wewe dada yake, ardhi ikitikisika kule usiku, nani atamshika mkono?" Sikuwa na jibu.

Tukaitana. Mjomba akaleta suala la maharimu. Shangazi akasema hakuna haja ya kwenda mbali, siku hizi hata chuo cha IIT Madras cha India kimefungua tawi hapa hapa Bweleo, na SUZA ipo. Jirani yetu, ambaye kwetu ni kama mama mdogo, akasema msichana akikaa nje miaka mitano akirudi atakuwa keshapitwa na wachumba. Kila mmoja alizungumza kwa mapenzi. Tulikaa tangu baada ya Alasiri mpaka adhana ya Magharibi.

Muda wote huo mdogo wangu alikuwa anapitisha chai. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anataka kwenda kusoma nini.

Suala la maharimu

Hili sitaki kulipita juu juu, kwa sababu najua wengi wenu ndilo linalowaumiza kichwa. Ziko hadithi sahihi zinazomkataza mwanamke kusafiri bila ya maharimu wake. Mjomba hakubuni kitu. Tukaenda kwa sheikh wetu, mimi, mama na mdogo wangu mwenyewe. Alitueleza kwa utulivu kwamba wanazuoni wametofautiana. Wapo wanaoshikilia katazo hilo kwa safari zote, na wapo waliosema kwamba njia ikiwa ya amani, na mwanamke akiwa na wenzake wa kike wanaoaminika, kuna nafasi panapokuwa na haja ya kweli. Akatuuliza maswali mengi: atakaa wapi, atasafiri na nani, nani atampokea, na haja yenyewe ni ipi.

Mimi ni fundi cherehani, si mwanachuoni, kwa hiyo simpi mtu fatwa hapa. Nendeni kwa sheikh mnayemuamini. Lakini nendeni na mtoto mwenyewe, ayasikie na ayajibu yeye.

Akatuambia pia tuswali istikhara, na akatukumbusha kwamba istikhara si kulala ukingojea ndoto. Unaswali rakaa zako mbili, unaomba, halafu unaendelea na jambo lako. Likiwa la kheri litafunguka, na kama si la kheri Allah ataliepusha nawe.

Mwenye "kukusaidia"

Habari ilivyosambaa tu akajitokeza mtu wa kutusaidia. Alitaka laki tatu za "kufungua faili" na laki mbili nyengine majibu yakitoka, akasema ana watu wake huko. Nilimuuliza maswali mawili. Kama maombi ni bure, laki tatu inakwenda wapi? Na je, yeye ni wakala aliyesajiliwa na TCU, maana Tume ya Vyuo Vikuu inawasajili mawakala wa vyuo vya nje? Simu yangu hakuipokea tena.

Dada zangu, TCU hiyo hiyo ndiyo inayotoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa mwanafunzi anayekwenda kusoma nje. Iandikeni kwenye orodha yenu mapema, na mkiwa na shaka na chuo au wakala, anzeni kuuliza huko.

Jambo jengine lililotutoa jasho ni majina. Cheti cha kuzaliwa kiliandika jina la babu kwa "Kh", cheti cha skuli kikaandika kwa "H" tupu. Sisi tunajua ni babu huyo huyo, lakini mgeni anayesoma karatasi hizo anaona watu wawili. Ilibidi twende kwa wakili tuandikishe kiapo. Tandazeni vyeti vyote vya mtoto mezani leo, vya kuzaliwa, vya skuli na kitambulisho, msome herufi kwa herufi.

Barua

Fomu ina sehemu ya kuandika barua: kwa nini unataka kusoma fani hii, na kwa nini kule. Barua ya kwanza mdogo wangu aliyoniletea ilikuwa na Kiingereza kizuri sana. Nilimwambia anitafsirie. Ndoto zangu tangu utotoni, nchi yenye historia tukufu, kuwa kiongozi wa kesho. Nikamuuliza, "Hii ni barua ya nani?" Akacheka, akasema alitazama mifano ya wengine. Nikamwambia akae hapo kwenye meza ya kukatia, aniambie mimi kwa Kiswahili, kama vile sijui chochote.

Akaanza na mwani.

Alisema tangu ana akili zake anamuona mama akishuka pwani maji ya bamvua yakitoka, anainama saa nyingi akifunga mwani kwenye kamba, na usiku anasuguliwa mgongo. Mwani una aina mbili tunazolima, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini maji ya pwani yamezidi joto, unapandwa unakufa. Wanabaki na spinosamu ambayo bei yake ni ndogo. Ukishakauka unatiwa kwenye magunia, unauzwa kwa kilo, unapelekwa nje ya nchi ukatolewe ute unaotiwa kwenye dawa za meno na aiskrimu. "Sisi tunauza majani, Dada," akasema. "Faida yote iko kwenye huo ute, na kuutoa kunasomewa." Anataka kusoma uhandisi wa chakula.

Muda wote ule tulikuwa tukimpima mtoto huyu kwa nauli, kwa maharimu na kwa wachumba, na yeye ana hilo kichwani. Nikamwambia aiandike hivyo hivyo. Halafu nikamwambia, "Kabla hujaituma, kamsomee mama."

Tulikwenda Ijumaa. Alimsomea kwa Kiswahili, mama amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Alipomaliza, mama hakunyanyua uso. Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unaangalia."

Siku hiyo hakusema ndiyo. Aliisema wiki ya pili yake, na aliitolea masharti matatu. Akae bweni la wasichana watupu, na kwa bahati mabweni ya serikali ya kule wanawake wana yao na wanaume yao. Kila siku asikie sauti yake, si ujumbe wa kuandika. Na la tatu: akishindwa arudi, asiogope maneno ya watu. Hilo la tatu ndilo lililomliza mdogo wangu. Mimi pia.

Majibu

Alipita mchujo wa kwanza. Usaili ulifanyika kwa video, na kwa kuwa intaneti ya dukani ndiyo nzuri, ulifanyika kwenye chumba changu cha nyuma. Nilizima cherehani zote. Mafundi wangu wanne walikaa kimya kama wako msikitini, na mteja mmoja aliyekuja kuchukua dera lake tulimuashiria kwa mikono akae chini. Walimuuliza mambo ya fani yake, na kama ataweza baridi na upweke. Alijibu vizuri, namshuhudia.

Agosti majibu yakatoka. Hakuchaguliwa.

Waombaji wanatoka dunia nzima na nafasi ni chache, hilo tulilijua. Lakini kujua hakuzuii kuuma. Mdogo wangu alilia usiku mmoja, asubuhi akafua nguo zake akaendelea na kutafuta chuo cha hapa. Aliyenyamaza siku mbili ni mama, yule yule aliyesema hapana. Siku ya tatu akanipigia simu, hakusalimia hata vizuri. "Hilo dirisha lao linafunguliwa tena lini?"

Sasa hivi mdogo wangu yuko SUZA, mwaka wa kwanza, upande wa sayansi. Anasoma kwa bidii, na haoni kuwa yuko chuo cha kungojea. Umri wa kuomba bado unamruhusu, kwa hiyo Januari ataomba tena, safari hii na cheti cha kidato cha sita mkononi. Akipata, alhamdulillah. Akikosa atamaliza hapa, aombe shahada ya pili, kwa sababu ufadhili huo huo una nafasi za shahada ya pili pia, na hapo umri unapanda mpaka chini ya miaka 30. Pesa za upatu sijazigusa.

Watu wananiambia tumehangaika bure. Siwajibu kwa maneno mengi. Mdogo wangu na mama siku hizi wakikaa pamoja wanazungumza habari za joto la maji, bei ya kilo na namna ya kupanda kwenye kina kirefu. Zamani walikuwa wanazungumza habari za chakula na nani kafa. Mama anamuuliza na yeye anaeleza, na mara nyengine mama ndiye anayemsahihisha.

Kwa hiyo dada yangu mwenye mtoto, au mdogo, au mtoto wa ndugu yako anayetaka kuomba mwaka huu, fuata vyeti, fuata pasipoti, kimbia na wenye kutaka laki tatu. Lakini kwanza mpokonye sinia la chai, mkalishe katikati yenu, mmuulize anataka kwenda kusoma nini na kwa nini. Mkiridhika, mpeni radhi zenu waziwazi, azisikie kwa masikio yake. Msiporidhika mwambieni sababu, naye ajibu. Majibu ya wafadhili hayako mikononi mwenu. Hayo mengine yako.

Allah awafanyie wepesi watoto wetu wa kike katika elimu yenye manufaa, awahifadhi waliopo mbali na waliopo karibu, na atujaalie radhi za wazee wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.